Mke Wangu Anamlaani Mpanga Ratiba, na Mpanga Ratiba Ni Mimi

Shangazi mshauri, shikamoo, na baada ya salamu niokoe, maana jambo hili nimeshindwa kumwambia hata kaka yangu. Mimi ndiye niliyepanga ratiba ya mabasi ya stendi iliyo chini ya kituo cha treni mpya, ile inayopita juu ya nguzo, na mke wangu, ambaye ni mwalimu, hurudi na treni hiyo kila siku, anafika kule juu saa kumi na moja na dakika nane, anateremka ngazi tisini na sita na mfuko wake wa madaftari, na akifika chini basi la saa kumi na moja na dakika kumi analiona mgongo tu, linakwenda zake bila mtu ndani, naye anakaa nusu saa kusubiri jingine.

Kosa lilikuwa hivi: nilipima kwa rula kwenye mchoro, na mchoro ule umechorwa kama mtu anayetazama kutoka angani, kwa hiyo ngazi zote zile zilikuwa kijistari chenye upana wa ukucha, nikaandika "dakika moja na nusu," nikapiga muhuri. Kituoni kwenyewe nilikuwa sijafika, na mpaka leo sijafika, natumia gari la ofisi.

Siku ya kwanza alirudi amelowa mvua akasema, "Aliyepanga ratiba hii hana akili hata ya kuku," nami, Shangazi, nikaitikia, "Hana kabisa!" Tangu hapo, mwezi wa sita huu, tunamsema pamoja kila jioni huku nikimkanda miguu, na alipouliza ofisini wamenipeleka kitengo gani nikamwambia stoo ya sare. Nilitaka kurekebisha, mkuu wangu akakataa katakata, "Usiguse kitu, bwana, mabasi yako ndiyo pekee yanayotoka kwa wakati," na ni kweli, basi lisilo na abiria litacheleweshwa na nani? Ijumaa saa kumi na moja jioni napewa cheti cha utunzaji bora wa muda, na wake zetu wamealikwa, na juzi mke wangu amesema amechoka, anahamia kwa dada yake karibu na shule, nyumbani atakuwa anakuja mwisho wa wiki tu. Nimwambie, nimpeleke sherehe ajionee mwenyewe, au ninyamaze?

Mume wa Mwalimu

Mume wa Mwalimu,

Marahaba. Pole, ila hiyo ni pole ndogo, kubwa namtumia mkeo. Jioni unamkanda miguu, asubuhi unakwenda ofisini kuichosha upya, halafu unajihesabu mume mwema! Na huyo mkuu wako anayeshangilia mabasi matupu, siku akiachwa yeye kwenye mvua mwulize kama bado anapiga makofi.

Sasa nikutoe tongotongo. Mwalimu anamjua mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani hata kabla hajafungua daftari, wewe ndiye asikujue? Mtu gani wa stoo ya sare anayechukia ratiba kwa uchungu hivyo? Mimi naona mkeo alishajua zamani, na kila jioni alikuwa anakupa nafasi useme. Umeikataa miezi sita. Ngazi angezivumilia, bwana, uongo wako ndio unaomhamisha.

Kesho nenda kituoni. Panda hadi juu, ushuke na mfuko wa madaftari begani, saa mkononi. Dakika utakazopata uziongezee nyingine mbili kwa ajili ya mjamzito na mzee mwenye fimbo, andika ratiba mpya, weka sahihi, umpe mkuu wako na nakala uipeleke kwa mkuu wake. Wakikunyima cheti washukuru. Jioni mwambie mkeo, "Ni mimi," kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Habari za mchoro usizianze wewe.

Na sherehe usiende. Ijumaa, wenzako wakipigiwa makofi, wewe uwe mlangoni pa basi la saa kumi na moja na dakika kumi, mguu mmoja ndani na mwingine chini. Dereva apige honi mpaka achoke. Lisiondoke hadi mkeo awe ameketi.