Mwokaji Wangu Eti Anataka Mshahara wa Kuishi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, maana mimi nilianza kwa kutembeza mikate kichwani na leo nina tanuri langu, sikuwahi kumlilia mtu, sasa huyu mwokaji niliyemfundisha mwenyewe hata kukanda unga kanipa notisi, Jumamosi anahamia kwa mshindani wangu ng'ambo ya barabara, eti kule watamlipa mshahara unaotosha kuishi. Mimi namlipa kima cha chini cha serikali, sijakata hata senti, nikamwambia, "Kijana, sheria ndivyo ilivyosema," akanijibu mbele za watu, "Bosi, sheria haina watoto, mimi nina watatu," wakacheka mpaka wafagiaji! Nikimwongezea robo ya mshahara, faida yangu inaliwa, na bado kila katikati ya mwezi anaomba kukopeshwa na kodi anachelewesha, najua kwa kuwa chumba anachokaa ni changu, nusu ya mshahara wake ndiyo kodi, nami nimeipandisha juzi tu kwa sababu maisha yamepanda. Akiondoka wateja watamfuata. Nimfanyeje abaki bila kumwongezea?

Mlipaji wa Halali

Ndugu Mlipaji wa Halali,

Pole, umeonewa kweli. Unampa mtu mshahara kwa mkono wa kulia, unachukua nusu kwa wa kushoto, kisha unashangaa mfuko wake unavuja!

Kima cha chini ni sakafu, wewe umekigeuza dari. Serikali ilikukataza kushuka, haikukukataza kupanda. Na hayo maisha unayosema yamepanda, yamepanda kwa mwenye nyumba tu? Kwa mwokaji yamelala usingizi?

Jasho lako silidharau; kutoka kichwani hadi kwenye tanuri si mchezo. Lakini umepiga hesabu ya robo, hujapiga ya tanuri baridi Jumatatu asubuhi. Ipige, kisha leo hii kaa naye. Muulize kodi, chakula, nauli na karo vinamla kiasi gani. Jumla yake ndiyo mshahara. Ikikutisha, anza na kile kilicho mikononi mwako: shusha kodi. Na wafagiaji waliocheka, nao waongezee. Hawakucheka kwa shibe. Halafu acha kumwita baba wa watoto watatu "kijana".

Akikataa kubaki, mpe mkono wa heri na usimfukuze chumbani kwa hasira. Jirani yako atamlipa vizuri, nawe utaanza kupata kodi yako kwa wakati.