Mguu Uliosimama

Ndugu yangu Njoroge,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu. Hali yako nimeshaambiwa. Dada yako Wanjiru alinikuta hapa Ahero Alhamisi iliyopita, akaniambia kwamba ulizikwa Nakuru kabla ya mvua kuanza, kwamba kifua ndicho kilichokuondoa, na kwamba umeacha mke na watoto wawili. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki. Kazini wananiuliza kama nina malaria, nami nimewaacha waamini hivyo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo la uwanjani tulilolijua mimi na wewe tu, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Nitafika huko. Lakini niache kwanza nikumbuke siku nzuri, maana zilikuwepo, na sitaki mtu aseme hazikuwepo.

Ulikuja kwenye timu yetu mwaka mmoja au miwili baada ya Uhuru. Baba yako alikuwa ametoka Murang'a na kufungua duka la viazi, kabichi na mafuta ya taa karibu na soko la Kisumu. Wewe ulikuja kwenye kile kiwanja cha nyuma ya nyumba za reli ukiwa bado na udongo wa viazi kwenye magoti ya suruali, na vijana wakacheka. Mzee Owuor, yule fundi wa mabehewa aliyekuwa kocha wetu, hakucheka.

"Wewe kijana ya viazi," alikuuliza, "unacheza namba ngapi?"

"Yoyote, Mzee."

"Yoyote hakuna. Simama na huyu Ondiek, tuone."

Ndivyo nilivyopewa wewe. Mimi nilikuwa namba nane, kiungo wa katikati, wewe ukawa namba saba, winga wa kulia. Kwa miaka mitano pasi zangu nyingi zilikwenda kwako, na nilikuwa natambulika mjini kwa pasi hizo kuliko kwa jina la baba yangu.

Unakumbuka chokaa? Kila jioni kazi zikiisha, mimi nikitoka bandarini na wewe dukani, Mzee Owuor alitungoja na mkebe wake wa chokaa na brashi iliyokatika mpini. Alitupaka upande wa ndani wa kiatu, kuanzia mfupa wa kidole gumba hadi kwenye kifundo. Kisha tulipigiana pasi, na baada ya kila pasi aliuokota mpira na kuugeuza mikononi akitafuta alama. Alama ikiwa pana na ya katikati, alinyamaza. Ikiwa ndogo ya ncha ya kiatu, alipiga kelele mpaka wake za watu wa reli wakatoka jikoni kuangalia.

"Hiyo ni ya kidole! Hiyo unapigia mbwa! Kaza kifundo, Ondiek, hiyo mguu imelegea kama samaki kamongo kwa matope!"

Halafu yalikuwepo yale matofali mawili. Aliyasimamisha yakiachana upana wa mipira miwili, nasi tukapitisha mpira katikati kutoka hatua kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini. Ukigonga tofali, unarudi hatua kumi. Wiki ya kwanza nzima hukuvuka kumi na tano. Ulikaa chini, ukavua kiatu, ukaniambia, "Omera, ndugu yangu, haya matofali yananichukia." Nikakujibu kwamba bado hayajakujua tu. Ulicheka, ukavaa kiatu, ukarudi kwenye hatua kumi giza likiingia.

Lakini zoezi lililokuwa lako hasa ni lile la kimya. Saa nzima hakuna kuita, hakuna kuinua mkono. "Ukiita, hata adui anasikia," Mzee alisema. "Angalia mguu. Ile inapiga inaweza danganya. Ile imesimama haiwezi danganya." Na ni kweli. Anayetaka kupiga pasi safi huweka mguu mmoja kando ya mpira, goti limelegea kidogo, na vidole vya mguu huo vinaelekea pale mpira unapokwenda. Hakuna namna nyingine ya kuupiga vizuri. Winga alitakiwa kuutazama huo mguu uliosimama na kuondoka kabla mpira haujaguswa.

Hapo ulitushinda sote. Kufikia mwaka wa pili, kiatu changu cha kushoto kikielekea bendera ya kona, wewe ulikuwa umeshampita beki. Timu nyingine walidhani tuna dawa. Kule Bondo yupo mzee aliyesimamisha mchezo akitaka soksi zetu zikaguliwe, nawe ukazivua palepale ukampelekea puani. Watu walicheka mpaka mwamuzi akakaa chini.

Mama yangu alikuita nyathina, mtoto wangu, kama alivyoniita mimi. Ulipokula omena, wale dagaa wa ziwani, kwake mara ya kwanza uliondoa vichwa kimojakimoja ukavipanga ukingoni mwa sahani, na mama akakuuliza kama unaviandaa kwa maziko. Mara ya tatu ulikula vichwa kabla ya kitu kingine chochote, ukimwangalia usoni ili aone.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na tisa. Siasa sitaieleza. Waliokuwepo Kisumu wanajua, na wasiokuwepo hawataelewa kwa barua. Watu walikufa, mji ukajaa kilio na hasira, na hasira ikawatafuta watu wa kwenu, waliotoka kule Murang'a, kwa sababu ndio waliokuwa karibu. Wateja waliovuka barabara ili wasipite mlangoni kwa baba yako walikuwa watu ninaowajua kwa majina. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwaka huo ulikuja kwetu ukakaa kwenye kile kigoda cha jikoni.

"Baba anataka tuhame," ulisema. "Anasema hapa si kwetu tena. Nimemwambia yeye anajua wateja tu, mimi najua watu. Nimemwambia akuje Jumamosi aone."

"Aone nini?"

"Aone vile tunacheza. Amesema akiona watu wananipatia mpira kama kawaida, tunabaki. Kama si hivyo, tunafunga duka." Ukanipiga bega. "Na namba nane si ni wewe? Mimi sina wasiwasi."

"Usiwe na wasiwasi," nilikujibu.

Mzee Owuor alikuwa amehamishiwa Eldoret tangu mwaka uliotangulia. Najua angekuwepo mambo yangekuwa mengine, lakini hilo nalisema nikitafuta mtu wa kunisaidia kubeba, na hakuna. Jumamosi ile tulivalia viatu nyuma ya ukuta wa uwanja. Wewe ulikuwa umeinama unafunga kamba. Kapteni wetu akasema kwa Kiluo, kwa sauti ya chini, kwamba leo mpira usiende kulia. Hakuna aliyesema ndiyo na hakuna aliyesema hapana. Miaka mitano ulikuwa umekaa jikoni kwa mama yangu, Njoroge. Kiluo ulikijua. Uliendelea kufunga kamba, ukafunga fundo mara mbili, ukasimama ukaingia uwanjani mbele yetu.

Baba yako alikuja kama alivyoahidi. Alisimama nyuma ya mstari upande wako, ndani ya koti lake jeusi, kofia mkononi, na watu walikuwa wameacha nafasi kulia na kushoto kwake. Kipindi cha kwanza chote mpira haukukufikia. Mara mbili uliufuata mwenyewe ukamnyang'anya mtu, ukautoa kwa wenzako vizuri, na haukurudi. Mimi nilijiambia kwamba bado nafasi haijatokea. Nilijiambia hivyo hadi nafasi ilipotokea.

Zilikuwa zimebaki dakika chache na tulikuwa sare bao moja kwa moja. Niliupata mpira katikati, peke yangu, na upande wote wa kulia ulikuwa wazi. Sikufikiri. Mguu wangu wa kushoto uliingia kando ya mpira kama ulivyoingia maelfu ya mara, vidole vikielekea bendera ya kona, nawe ukauona ukaondoka. Beki aligutuka ukiwa umeshampita. Mbele yako alibaki kipa tu, naye alikuwa ametoka golini. Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya mstari, ya mtu wa mtaani kwetu, mtu tuliyesali naye kanisa moja.

"Ondiek! Unampatia nani?"

Nikageuza mguu. Niliuinua ukiwa umeshasimama, nikauelekeza kushoto, nikampa mpira mwenzetu aliyekuwa amebanwa na watu wawili. Ilikuwa pasi safi, alama ya chokaa ingekaa katikati kabisa. Tukapata mpira wa kurusha. Wengine wangeweza kusema kwamba sikukuona, na wengi walisema hivyo. Wewe hukuweza, kwa sababu ulikuwa umeshausoma mguu wangu. Ulisimama mbali kule karibu na goli, mikono kiunoni, unahema. Hukunitazama usoni. Ulitazama mguu.

Baba yako alivaa kofia akaondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Jumanne mlipakia lori. Mama alikwenda kuwaaga na omena waliokaushwa ndani ya kikapu. Mimi nilikwenda kazini, nikakaa nyuma ya magunia ya pamba bila kazi yoyote mpaka nilipojua mmeshaondoka. Jioni mama aliniambia, "Amekuuliza. Nimesema uko kazini." Alinitazama muda mrefu halafu akageuka kuchochea moto. Hadi leo hajaniuliza chochote, na naona aibu zaidi kwa sababu hajaniuliza.

Nilicheza misimu miwili zaidi. Watu walinisifu. Mwaka wa sabini na mbili nilisafiri kwa treni kwenda Nairobi, na treni ikasimama Nakuru kama nusu saa. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba duka lenu liko umbali wa kutembea tu kutoka stesheni. Nilikaa dirishani upande wa pili. Barua nimezianza tatu, zote nikazichana nilipofika kwenye neno "siku ile". Hapa Ahero vijana waliniomba niwafundishe mpira, nikasema nina goti bovu. Goti langu halina kitu. Nisingeweza kusimama mbele ya kijana nikamwambia autazame mguu wa mwenzake.

Sasa Wanjiru. Alikuja ghalani ninapopima mpunga, pamoja na wanawake wengine wa biashara, akanitazama kwa kuinamisha kichwa kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

"Wewe si Ondiek? Ondiek wa Njoroge?"

Tulitoka nje tukasimama kivulini kwenye ukuta. Akanieleza ulivyougua na ulivyomaliza. Nililia, na hilo lilikuwa la kweli. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Unajua mama alikuwa hataki hata kusikia jina yako nyumbani. Anasema, yule alikula kwangu na akamnyima mtoto wangu mpira. Lakini Njoroge alikuwa anakutetea. Kila saa anasema, 'Wachaneni na Ondiek. Uwanja ilikuwa na maji. Aliteleza, mguu ikaenda ile upande ingine.' Akasema hivyo mpaka baba mwenyewe akakubali. Baba alikufa akijua uliteleza."

Akanishika mkono.

"Ondiek, si ni kweli uliteleza?"

Nilikuwa na miaka minane ya kujiandaa kwa swali hilo. Wanjiru alikuwa amefiwa, macho yake yamevimba, vumbi la mpunga limemshika kwenye nyusi, na alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu.

"Ndiyo," nikasema. "Niliteleza."

Alishusha pumzi. "Nilijua," akasema. Akaninunulia soda, nami nikainywa yote.

Nimekukasirikia, Njoroge. Najua sina haki, lakini nimekukasirikia. Nani alikutuma unidanganyie? Ungenilaani, ningejua pa kusimama. Badala yake ulikaa miaka yote katika nyumba ya watu waliofukuzwa, ukawaambia kila siku kwamba rafiki yako ni mtu mwema mwenye bahati mbaya. Huenda ulinihurumia. Huenda ulijihurumia mwenyewe, hukutaka miaka mitano ya jioni zile iwe ya bure. Usiku na mchana nageuza hilo kichwani na sipati jibu, na wa kuuliza ni wewe.

Nimekukosa tangu siku ile ya lori. Sikuwahi kulisema kwa sababu mtu aliyefanya nilichofanya mimi hana uso wa kusema amemkosa mwenzake. Nalisema leo. Sikupata rafiki mwingine, na baada ya muda niliacha kutafuta.

Barua hii nitampelekea Wanjiru, aisome mwenyewe kisha amsomee mama yako. Watoto wako wakikua, nao wasomewe. Watanichukia, na mama yako atajua kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Hilo ni haki yake, na wewe na mimi tulimnyima.

Mvua haikuwa imenyesha Kisumu kwa wiki tatu. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi tupu. Nilikuona ukiondoka, na nilijua baba yako anatazama.

Kwaheri, ndugu yangu. Sikuteleza.

Namba nane wako,
Ondiek