Swala wa Kwanza wa Shabani

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nimevaa masweta mawili na soksi za kaka Shabani, maana baridi ya huku haina huruma. Jana kaka alinichukua kuwinda kwa upinde kwenye shamba la wanyama nje ya Johannesburg, pamoja na wifi na rafiki yao Kasongo, fundi cherehani kutoka Lubumbashi.

Kasongo ana shabaha kuwashinda wote. Lakini yeye ni Mkristo, na anajua akimwangusha swala yeye, sisi hatutakula. Basi kila msimu huuacha upinde wake garini, akatambaa majanini na mwanao, akimwonyesha pa kulenga. Na mwanao hukosa.

Jana swala dume alisimama mbele yetu kabisa. Nikamsikia Shabani akinong'ona bismillahi, mshale ukatoka, swala akaruka na kuanguka. Shabani akakimbia na kisu, akawahi kumchinja. Kasongo akamkumbatia na damu zake vilevile, akipiga kelele kwa Kiswahili cha kwao, "Eish, kaka! Leo tutakula bote!"

Tulimchoma uani kwa kaka, mtaa wa Bertrams, majirani wakafuata harufu, Kasongo akapewa paja zima.

Sasa sikia, Mama. Wale swala wote Shabani aliokusimulia kwenye simu miaka yote hii walikuwa mbuzi wa bucha la Fordsburg. Usimwambie nimekwambia. Akikupigia, mpigie kigelegele kama kawaida yako. Safari hii amekistahili.

Nakubusu mikono,
Mwanahawa wako