Jina Nililolikata

Mdogo wangu mpendwa, kitindamimba wa mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua kimekuachia na usingizi umerudi. Mimi bado napumua, ingawa kutoka kitandani hadi dirishani sasa napumzika njiani mara mbili. Barua hii utasomewa na binti yako. Mpwa wangu, nakuomba usiruke mstari, hata pale mjomba wako anapojivua nguo.

Muuguzi wa shirika la misaada alikuja Jumanne kunifunga kidonda cha mguu. Nilimuuliza habari za jicho lako la kulia. Akasema bado linatambua mwanga mlango ukifunguliwa, lakini bila matone ya kila siku halimalizi mwaka. Zahanati haina matone. Huletwa na shirika, kwa walio kwenye orodha tu.

Unakumbuka shirika lilipoingia hapa, miaka minne iliyopita? Lingeweza kuhudumia wagonjwa kumi na wawili, likaiachia kamati ya kijiji ichague, kwa kuwa sisi ndio tunaojuana. Mimi, mwalimu mstaafu, nikawa katibu. Ulipouliza mbona umeachwa, nilikwambia daktari wao amekukataa. Ulicheka, ukasema basi shirika zima linahitaji matone. Tangu hapo umemnunia muuguzi yule. Hana kosa.

Daktari hakukukataa. Alikuweka wa kwanza. Kikaoni, fundi baiskeli aliuliza kwa utani kama ile ni orodha ya wagonjwa au ya ukoo wa mwalimu. Watu wakaangua kicheko. Nami, kwa kuogopa maneno ya watu, nikakata jina lako kwa kalamu yangu, kabla hata sijaombwa. Wakanipigia makofi, wakaniita mtu wa haki, na sifa hiyo ikaninogea. Nilikuja kwako, nikakuona unalitafuta tundu la sindano kwa kidole, nikanywa chai yako, nikanyamaza. Kila mwaka orodha ilipofunguliwa ningeweza kukurudisha, lakini wangeniuliza kwa nini nilikukata. Mwisho ukaifunika cherehani kwa shuka. Na mguu wangu ulipoharibika, kamati ikaniingiza mimi bila swali.

Leo asubuhi nimemwita katibu mpya, nimejitoa kwenye orodha. Alinisihi, akasema kidonda kisipofungwa sitafika mwezi ujao. Nilimjibu kwamba kikifungwa pia sitafika mbali, na jicho lako haliwezi kungoja mazishi yangu. Lakini hawezi kuniahidi kwamba nafasi yangu utapewa wewe: wanaosubiri ni tisa, na kamati inakaa Ijumaa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ukimaliza kumsomea mama yako, ipeleke barua hii kikaoni uisome mbele yao wote, kwa sauti hiyohiyo. Fundi baiskeli akicheka, mwache acheke. Wewe soma.

Mdogo wangu, msamaha siuombi leo. Naomba tu Jumanne, muuguzi akibisha hodi kwako, umfungulie.

Wasalimie wajukuu.

Ni mimi kaka yako, mwenye macho mawili mazima.