Kinyume cha Kuanika

Mdogo wangu,

Sweta lako halijaguswa na nondo. Mama alilifua kwa maji baridi, akalilaza mezani kivulini lisirefuke, kama alivyotufundisha.

Jana mvua ilipokaribia, nilimkuta kambani akizitazama nguo.

"Hivi, zikikauka tunazifanyaje?"

"Tunazianua, mama."

"Eeh, kuanua! Usinicheke. Shuka ulizokojolea nani alizianua?"

Tulicheka. Lakini huyu amekuwa dobi kwa miaka arobaini, na swali hilo ameniuliza mara tatu wiki hii.

Baadaye alilikunja sweta, akalifunga ndani ya shuka kuukuu pamoja na karafuu. Nikamuuliza ni la nani. Alikutaja papo hapo.

Usingoje likizo. Njoo ulivae huku bado anajua ni lako.

Dada yako