Kioo cha amplifaya ya Baba

Jumanne jioni, Lizaboni

Fyuzi ni nzima, waya ni mzima, na kioo cha amplifaya ya Baba bado cheusi, hakionyeshi hata namba moja. Ningepiga muziki ningejua mara moja kama imekufa, lakini humu ndani hatupigi muziki mpaka arobaini ipite. Nimeshinda na bisibisi tangu asubuhi. Afadhali hivyo kuliko kukaa napokea pole za watu.

Saa kumi na mbili Shangazi, aliyekuja msibani kutoka Peramiho, akanikuta sakafuni.

"Unatafuta nini humo?"

"Kioo kimekufa, Shangazi."

"Hakijafa. Nilikizima mimi kwa rimoti, wiki ile ya msiba. Tulilala kwenye mikeka hapa sebuleni, kikawa kinatumulika machoni."

Siku nzima! Si angesema asubuhi. Nilitaka kumjibu vibaya, nikasema tu asante.

Nikarudisha skrubu, nikachomeka, nikabonyeza kitufe alichonionyesha. Kioo kikawaka. Sauti: 31.

Jioni ile ya mwisho Baba aliita kutoka chumbani, "Punguza, mwanangu, kichwa kinaniuma." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Yeye kawaida yake ilikuwa kumi na tano. Tangu tumzike nimekuwa nikijiambia kwamba nilipunguza.

Hakuna aliyegusa kitufe cha sauti tangu siku ile.

Silii. Nimekaa tu, naitazama ile namba. Shangazi amepita tena, ameuliza kama imepona.

Nimemjibu ndiyo.