Anayeitwa Mwanangu ni Sesilia

Mgeta

Dada Miriamu, shikamoo. Huku milimani ukungu unaingia hadi chumbani, nami nalala na lile sweta lako. Mwili ni mzima ila moyo una wivu, na ni wewe tu ninayeweza kukwambia.

Kanisa limetupanga mimi na mwenzangu Sesilia kwa Bibi Kolastika, mjane anayelea wajukuu peke yake. Mvua iliangusha ukuta wa nyumba yake, tukaja kuujenga upya. Mimi nateka maji bondeni na kukanda udongo hadi mgongo unaniuma. Sesilia anakandika kidogo, anaimba, kisha anakwenda kukaa jikoni. Lakini yeye ndiye anayeitwa "mwanangu". Mimi naitwa "mgeni".

Jana uvumilivu ukaniisha. Nikauliza, "Bibi, nimekukosea nini?"

Akacheka. "Hujanikosea. Sesilia akiwa na njaa huniambia. Wewe kila nikikukaribisha unasema umeshiba. Mtoto gani anashiba siku zote?"

Dada, nilikuwa naogopa kuwapunguzia wale watoto chakula, na unavyoijua njaa yangu! Nikanawa mikono, nikakaa karibu na moto, nikala ugali na njegere mpaka Bibi akaniongeza bila kuniuliza. "Kula, mwanangu," akasema.

Machozi yakanilenga kwa furaha. Ila ukoko alipewa Sesilia, roho ikaniuma tena.

Nisalimie Baba na Mama. Mungu awatunze wote, na kitandani kwangu asilale mtu.

Mdogo wako,
Tabitha